Mafundi wa Udongo wa Pangoni

Huku kwetu, kuanzia Manda kandokando ya Ziwa Nyasa hadi Makambako, mtu akionekana anachimba chini ya mwamba hakuna anayeuliza anatafuta nini. Jibu lipo tayari: rupia za Mjerumani. Manda ilikuwa bandari ya Wajerumani, nao waliiita Wiedhafen, na tangu waondoke hadithi za masanduku yaliyofukiwa hazijakoma. Miamba mingi ina shimo lililochimbwa usiku na kuachwa wazi, na sijasikia hata mtu mmoja aliyeezeka nyumba kwa hizo rupia.

Wapo wachimbaji wa namna nyingine. Hawa huchimba mchana, wana kibali cha serikali, wanatumia mwiko mdogo wa mwashi na brashi, na jua likizama shimo limeongezeka kina kwa upana wa kiganja tu. Wanachobeba kurudi nacho kambini ni mifuko ya udongo. Wanakijiji huwacheka, na mimi siwalaumu: si rahisi kuelewa kwa nini msomi asafiri kutoka Dar es Salaam, au kutoka Kanada, aje kuandika namba juu ya kifuko cha vumbi.

Lakini ukiwatazama kwa muda bila kuwaharakisha, utaona kwamba hawa ni mafundi hasa, na kwamba mali yao ni hilo vumbi. Jiwe lililochongwa na watu wa kale, ukiliokota njiani na kuliweka mfukoni, linakuambia kwamba mtu aliwahi kupita. Jiwe hilohilo likikutwa ndani ya udongo wake, na udongo ukasomwa na anayejua kuusoma, linaweza kueleza lini, wakati wa mvua au wa ukame, kwa kituo cha usiku mmoja au kwa makazi ya vizazi, na waliokuja baadaye walikawia kiasi gani.

Mahali pa karibu nasi ambapo kazi hii imefanyika kwa kina ni Iringa. Ukitoka Manda unapanda Ludewa, unapita Njombe, unatokea Makambako na kushika barabara kuu kwenda Mafinga na Iringa mjini. Kutoka mjini, upande wa barabara inayoelekea Hifadhi ya Ruaha, ndiko iliko Mlambalasi. Wengi wanapajua kwa kaburi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani, na ambaye fuvu linaloaminika kuwa lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga. Wageni hufika, wakaliona kaburi, wakapiga picha, wakaondoka. Karibu na kaburi upo mwamba wenye pango, na chini ya sakafu ya pango hilo walikutwa watu waliozikwa zaidi ya miaka 12,000 kabla ya Mkwawa kuzaliwa.

Pango la pili ni la Magubike, katika mkoa huohuo. Yote mawili yalichimbwa kuanzia mwaka 2006 na timu ya Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, akiwa na wenzake wa Kitanzania kama Pastory Bushozi, aliyesomea shahada ya uzamivu hukohuko Alberta na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magubike tabaka za juu zina vigae na mabaki ya chuma. Ukishuka unakuta Zama za Mawe za Mwisho. Ukishuka zaidi, Zama za Mawe za Kati, pamoja na meno ya binadamu walioishi humo wakati huo.

Kazi yenyewe huanza kwa kamba. Sakafu ya pango hugawanywa kwa miraba ya mita moja kwa mita moja, kisha hutafutwa alama isiyohama, mara nyingi kwenye mwamba wenyewe, na kila kina kitakachoandikwa hupimwa kutoka hapo. Halafu huja mwiko. Makali yake hunolewa. Anayejifunza hutaka kuuchomeka, kwa kuwa ndivyo sote tulivyozoea kutumia chombo chenye ncha, na msimamizi humzuia mara moja. Mwiko hulazwa, ukavutwa kumwelekea mchimbaji, ukakwangua udongo mwembamba mno kiasi kwamba uso unaobaki nyuma ni safi na rangi yake inasomeka. Mkono wa fundi husikia kabla ya macho kuona. Kwenye changarawe mwiko hukwaruza, kwenye majivu yaliyokandamana hupita kimya. Sauti ikibadilika, anasimama. Hata kama walikubaliana kushuka sentimita 10, udongo ukigeuka kwenye ya 4 basi hapo ndipo tabaka linapoishia, na mfuko mpya hufunguliwa.

Rangi nayo haiachwi kwa maneno ya mtaani. Ukisema "kahawia" umesema nini, wakati Njombe nzima ni kahawia? Kuna kitabu kidogo kiitwacho Munsell, chenye vipande vya rangi vilivyopangwa kwa namba, na bonge la udongo hulowekwa kidogo likalinganishwa nacho mpaka namba yake ipatikane. Anayechimba Magubike leo na atakayechimba jirani yake miaka 50 ijayo watakuwa wanazungumzia rangi ileile.

Udongo wote hupita kwenye chekeche, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo ina karatasi yake: jina la pango, mraba, kina, tarehe, herufi za jina la mchimbaji. Kazi ya chekeche ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, nami naona inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Zana nyingi za Magubike ni za kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa. Kwatzi haina adabu: hupasuka hovyo, na kipande kilichopasuka chenyewe kwa jua na baridi hufanana mno na kilichopigwa na binadamu. Anayechekecha hukigeuza kipande mwangani, akatafuta mahali pigo lilipotua na uvimbe mdogo unaoachwa na pigo hilo. Vijana wa vijijini walioajiriwa msimu mmoja au miwili hufikia kuvitenga kwa kasi ambayo mwanafunzi wa chuo huitamani.

Sasa, huo udongo ulifikaje pangoni? Sehemu ndogo ilidondoka kutoka darini, chembe za graniti zilizobanduka. Nyingine ililetwa na upepo, na nyingine na maji ya mteremko. Inayobaki ni ya wakazi: majivu ya moto, mkaa, nyasi walizolalia, matope ya miguuni, maganda ya konokono wakubwa waliowala. Udongo wa graniti una asidi inayokula mifupa, na ndiyo maana kila kipande cha mfupa kinachookolewa Iringa huwafurahisha watu kupita kiasi. Maganda ya konokono yamesaidia, maana yenyewe yanaweza kupimwa umri wake.

Tatizo ni kwamba udongo hautulii. Mchwa hupandisha chembe laini juu na mawe yakazama taratibu. Panya buku huchimba mahandaki. Watu wa Zama za Chuma walichimba makaburi na mashimo ya nguzo kupita katikati ya sakafu za waliowatangulia. Kigae kimoja kikiteleza kwenye handaki la panya kikashuka mita moja, mtu asiye makini atautangazia ulimwengu kwamba watu wa Zama za Mawe walifinyanga vyungu. Fundi huliona handaki hilo kabla hajaliharibu. Udongo uliowahi kuguswa haurudi kushikamana ulivyokuwa. Huwa mlegevu, na rangi yake ni mchanganyiko wa juu na chini. Ni kama mkulima wa viazi wa Njombe anavyojua kwa jembe lake pale palipokwisha kuchimbuliwa. Basi handaki huchimbwa kwanza, peke yake, likatolewa lote na kuwekwa kwenye mfuko wenye namba yake, ndipo tabaka halisi liguswe. Kazi hiyo ya kutoa uchafu wa panya kwa uangalifu hakuna gazeti litakaloiandika, na bila hiyo tarehe zote zinazofuata hazina maana.

Thamani ya umakini huo unaiona ukikumbuka palipokosekana. Pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, lilichimbwa na Ludwig na Margit Köhl-Larsen katika miaka ya 1930, kwa kasi na mtindo wa enzi ile. Miaka ya 1970 Michael Mehlman alilazimika kurudi na kuchimba upya ili ajue kipi kilitoka tabaka gani. Mwaka 2012 wataalamu wengine walichapisha vipimo vipya vya umri wa mchanga wake, vikaonyesha kwamba zana za mpito kutoka Zama za Mawe za Kati kwenda za Mwisho zilikuwa na umri wa miaka kati ya 50,000 na 60,000 hivi. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa udongo ulikuwa umebaki. Wachimbaji wa leo huacha kwa makusudi sehemu ya pango bila kuigusa, kwa ajili ya watu wenye vifaa ambavyo bado havijabuniwa. Sijui kazi nyingine nyingi ambazo fundi hujizuia hivyo.

Shimo likishafika chini, ukuta wake husafishwa ukawa wima kwa timazi, ukanyunyiziwa maji kidogo ili rangi zijitokeze, ukachorwa kwenye karatasi ya miraba. Hapo ndipo hukatwa bonge. Boksi dogo la bati lisilo na kifuniko hushindiliwa taratibu ukutani, udongo wa pembeni ukachongwa kwa kisu, boksi likatolewa likiwa na udongo wake haujatikisika, ukaandikwa mshale kuonyesha upande upi ni wa juu. Njia hii ilianzia kwa Mwaustria Walter Kubiena, aliyeiandikia kitabu mwaka 1938, na maboksi hayo bado yanaitwa kwa jina lake. Maabara, bonge hukaushwa, likanyweshwa gundi ya maji inayopenya mpaka katikati na kuganda kwa wiki kadhaa. Likishakuwa gumu kama jiwe hukatwa, likabandikwa kwenye kioo na kusagwa mpaka libaki na unene wa milimita 0.03. Kwa unene huo hata mchanga hupitisha mwanga.

Chini ya hadubini, kile alichokiita mchimbaji "tabaka la kijivu, sentimita 3" huwa kijiji kizima. Majivu ya kuni huonekana kama vibonge vidogo vya chokaa, na kama bado vimekaa vilivyokuwa kwenye mti basi moto uliwashwa papo hapo. Vikiwa vimevurugika, majivu yalizolewa na kumwagwa. Kipande cha mfupa kilichovunjika vipande vitatu vilivyobaki mahali pamoja kilikanyagwa na miguu ya watu waliokuwa wakipita na kurudi. Vumbi laini lisilo na mkaa wala mfupa, lililotulia kwa utaratibu, ni miaka ambayo pango halikuwa na mwenyewe. Kutoka hapo ndipo swali la makazi linapoanza kujibika: walikuja kwa misimu, walikaa mfululizo, au walihama kabisa?

Kazi nzuri kuliko zote za aina hii katika Afrika Mashariki ninayoijua ilifanyika Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, nyuma ya pwani ya Kenya. Mwaka 2013 wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao waliona vipande vya mfupa uliooza mno. Mwaka 2017, karibu mita 3 chini ya sakafu, walifikia shimo la mviringo lenye mifupa laini mno kiasi kwamba ikiguswa inageuka unga. Waliamua wasiitoe. Walilifunika bonge zima kwa plasta, wakalinyanyua lilivyo na kulipeleka Nairobi, kisha Burgos, Hispania, ambako lilichimbuliwa maabara. Alikuwa mtoto wa miaka kati ya miwili na nusu na mitatu, amelazwa ubavu wa kulia na magoti yamekunjwa. Wakampa jina la Mtoto. Matokeo yalipotangazwa Mei 2021 umri ulitajwa kuwa miaka takriban 78,000, na hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya Homo sapiens yaliyojulikana Afrika mpaka wakati huo.

Ila niulize: tulijuaje kwamba ni kaburi, na si mtoto aliyefia pangoni akafunikwa na vumbi? Udongo ndio uliotoa ushahidi. Udongo ndani ya shimo ulikuwa tofauti na ule wa tabaka lililokatwa, umechanganyika kama unaorudishwa kwa mikono. Na mifupa ilikuwa imebaki katika mpangilio wake, jambo lisilowezekana kama mwili ungeachwa wazi. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kwamba kililazwa juu ya kitu kilichokwisha kuoza. Inaelekea waliomzika walimwekea mto. Hayo yote yamesomwa kwenye udongo.

Na huo umri wa miaka 78,000? Mkaa hauwezi kuufikia; kipimo cha kaboni huishia miaka 50,000 hivi. Hapo hutumika mwanga. Punje ya kwatzi ikizikwa gizani huanza kulimbikiza nguvu kutoka kwenye mionzi hafifu ya udongo unaoizunguka, na ikipigwa na jua nguvu hiyo hufutika. Kwa hiyo mpimaji hugongomelea bomba la chuma ukutani, akaziba pande zote mbili ili mwanga usiingie, na maabara hulifungua kwenye taa nyekundu hafifu. Punje huamshwa kwa mwanga maalumu, nayo hutoa mng'ao wa kiasi cha muda ilioukaa gizani. Njia hii ilielezwa kwanza na David Huntley na wenzake huko Kanada mwaka 1985. Siku hizi hupima punje mojamoja, na ile iliyodondoka kwa handaki la panya hujitokeza yenyewe kwa kutofanana na wenzake.

Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Unguja, linafundisha kusoma pengo. Watu walikaa humo miaka zaidi ya 17,000 iliyopita, wakati Unguja ilikuwa bado imeungana na bara na pundamilia wakitembea kisiwani. Bahari ikapanda, kisiwa kikajitenga. Juu ya tabaka zile, uchimbaji wa mwaka 2012 ulionyesha muda mrefu ambao watu hawakuacha kitu, mpaka walipokuja wengine karne ya 6 au ya 7 baada ya Kristo. Wapo wanaakiolojia waliochimba hapohapo mwaka 2005 na kusoma tofauti, wakaona makazi ya katikati. Mzozo huo unahusu usomaji wa udongo.

Kwetu Manda swali hili la makazi lina uzito wake. Wanajiolojia wanalijua jina la Manda kwa miamba ya bonde la Ruhuhu alikotoka mnyama wa kale aitwaye Nyasasaurus, lakini hiyo ni habari ya miaka zaidi ya milioni 240 na binadamu hayumo. Inayotuhusu ni ya ziwa. Mwaka 2005, upande wa Malawi, sakafu ya Ziwa Nyasa ilitobolewa na tope lake likatolewa kwa mabomba. Tope hilo lilionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ulitokea ukame mara kadhaa ulioshusha maji kwa zaidi ya mita 500. Mvuvi wa Manda wa leo angetembea mbali kutafuta ufuko. Ng'ambo ya ziwa, Karonga, tope hilohilo pamoja na zana za mawe vimeonyesha watu wakichoma misitu mara kwa mara kuanzia miaka kama 85,000 iliyopita.

Wakati ziwa limekauka, watu walikwenda wapi? Timu ya Iringa imependekeza kwamba nyanda za juu kusini, kwa mvua zake, zilikuwa kimbilio. Ni hoja ninayoipenda, labda kwa sababu ni ya kwetu, lakini mapango mawili hayatoshi kuithibitisha. Zinahitajika sakafu nyingi zaidi, zilizosomwa kwa subira ileile, kutoka Kipengere na milima inayolitazama ziwa. Pango la Mlambalasi limekwisha kuonyesha linaweza kutoa nini: mwaka 2022 DNA ya mtu mmoja aliyezikwa humo ilichapishwa, miongoni mwa kongwe kuliko zote zilizowahi kusomwa kusini mwa Sahara.

Lipo jambo lisilonifurahisha. Mabonge ya gundi, mabomba ya mchanga na meno bado husafiri kwenda Ulaya na Marekani ndipo yasomwe. Vijana wetu wanaojua mwiko na chekeche ni wengi. Wanaokaa mbele ya hadubini ni wachache. Vyuo vyetu vikipata chumba chenye taa nyekundu na mashine ya kukatia mawe, nusu ya safari hizo haitakuwa na sababu.

Na kwa wewe unayekaa karibu na mwamba wenye pango, uwe Ludewa, Njombe au Makambako: usichimbe humo kutafuta rupia, wala usichote udongo wake kwenda kupandia mboga. Ukiona vigae, mifupa au mawe yaliyochongwa, yaache yalipo na umwarifu mwenyekiti wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivyo, lakini anayefika wa kwanza pangoni ni wewe, si sheria.